Aliyebaki Nyumbani Siku ya Mazishi

Ninyi mnaoripoti kwenye kata zenu mwaka huu, na sare ambazo bado zina mikunjo ya stoo, najua mnachotaka kusikia kutoka kwa askari mstaafu. Mnataka majambazi wa mpakani, risasi, na jinsi nilivyoruka ukuta. Sikuwahi kuruka ukuta wowote. Mwili wangu ulikataa mambo hayo tangu nikiwa koplo. Nitawasimulia jinsi nilivyotaka kuzuia wizi kule Songambele kwa akili zangu zote, na jinsi akili hizo zilivyomlaza mtu mwema chini, katikati ya vijana wenye majembe. Anayedhani kuzuia uhalifu ni kazi laini kuliko kukamata, asome hadi mwisho.

Mimi ni mtoto wa Ihanda, huku Karagwe. Nimekulia kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa polisi kata upande wa Kyerwa. Naanza na hilo ili msije mkasema nilikosea kwa sababu ya ugeni. Mila za huko ni zangu pia.

Aliyenifundisha kazi ni Koplo Sadoki, Mungu amrehemu. Nilikuwa askari mchanga wa doria kwenye soko la Nkwenda, na kila siku ya soko baiskeli zilipotea. Nami kila siku ya soko nilikimbiza watu. Nilimkamata mtu na baiskeli yake mwenyewe mara mbili, mtu yuleyule, hata mara ya pili akanisalimia kwa jina. Sadoki akaniambia, “Binti, unakimbia sana. Umewahi kusimama?” Akanisimamisha karibu na mizani ya wanunuzi wa mazao kutwa nzima, na amri moja tu: usimkamate mtu.

Mchana ule nikaona kitu ambacho miezi minne ya mbio haikunionyesha. Malori ya wanunuzi yalikuwa yamechukua uwanja wa mbele, kwa hiyo watu waliegemeza baiskeli nyuma ya vibanda, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuiona akiwa anauza ndizi zake. Tukawaomba madereva wahamie upande wa pili, tukafunga kamba kati ya nguzo mbili, na mama mmoja muuza maharage akapewa vipande vya boksi vyenye namba: kimoja kwenye usukani, kingine mfukoni kwa mwenye baiskeli. Wizi ukapungua mpaka nikaanza kuona soko linachosha. Sikupandishwa cheo kwa hilo, maana hakuna fomu ya kujaza baiskeli ambazo hazikuibwa.

Tangu siku hiyo nilibeba maswali ya Sadoki kwenye kila daftari. Ni wapi? Ni saa ngapi? Kwa nini hapa na si kwa jirani? Nani alitakiwa kuona na hakuona? Mtafundishwa haya darasani kwa maneno makubwa zaidi na mtapewa cheti. Mimi nilipewa na Sadoki huku akitafuna muwa.

Sasa Songambele. Nyumba zilianza kuvunjwa mchana kweupe. Redio, godoro, sola, gunia la kahawa kavu. Nyumba ya kwanza nikaandika, ya pili nikaandika, nikatoa RB, ile karatasi ya taarifa ya polisi, nikawaambia watu wanunue makufuli imara. Nyumba ya sita ilikuwa ya Ma Winfrida, mjane anayeishi peke yake, ambaye sola yake ndiyo iliyokuwa ikichaji simu za kitongoji kizima. Nikaketi kwenye kigoda chake, nikamuuliza alikuwa wapi wakati wa tukio.

“Waitu, afande wetu, si msibani?” akasema. “Wewe mwenyewe hukuniona? Tulikaa benchi moja.”

Nilirudi ofisini mbio, mimi niliyefundishwa kutokimbia. Nikafungua daftari. Nyumba zote sita, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mlalamikaji alikuwa msibani. Nililiandika neno hilo mara sita bila kulisikia. Nikachukua kalenda ya zamani ya kanisa, nikaigeuza, nikachora upande wa nyuma nyumba zilizovunjwa, makaburi, na njia za pikipiki. Nyumba zote zilikuwa mbali na msiba wa siku hiyo na karibu na njia. Saa zote zilikuwa kati ya saa saba na saa tisa mchana, mwili unapotolewa ndani mpaka wasemaji wa makaburini wanapomaliza.

Kwa wenzetu mliotoka mbali, hapa lazima niwaeleze kitu. Kwetu mtu akifa, jembe halishikwi kitongoji kizima mpaka azikwe. Mkatoliki, Mlutheri, mfugaji aliyeko mbugani na ng'ombe wake, wote wanakuja. Asiyekuja ana maneno ya kujibu. Watasema ana kinyongo na wafiwa. Wakisema zaidi ya hapo, watasema anajua marehemu amekufaje. Kwa hiyo siku ya mazishi nyumba zinabaki na kuku tu, na mwizi alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

Nilijiona nimemaliza kazi. Nani alitakiwa kuona na hakuona? Hakuna, wote wako makaburini. Dawa yake basi ni kumbakiza mtu mmoja. Na kwa kuwa mimi ni polisi, nikaamua abaki kwa siri, ili mwizi asijue. Kosa langu lote liko kwenye neno hilo la siri. Lisomeni tena.

Nilimchagua mzee Anatoli, au Ta Anatoli kama tunavyosema kwetu, mkulima wa kahawa wa miaka sitini na kitu, mtu wa kwaya, mpole, ambaye kibanja chake kiko juu ya mteremko na kinatazama nyumba za jirani. Alinikaribisha, akanipa ndizi za kuchoma, akanisikiliza hadi mwisho.

“Nibaki nyumbani?” akauliza. “Watu wanazika, mimi nimebaki?”

“Ni serikali imekutuma, Ta Anatoli.”

“Serikali haitanizika, afande.”

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka. Nikamwambia ni siku moja tu, tukimnasa mwizi wote watajua na watamshukuru. Nikampa filimbi yangu na namba yangu ya simu. Nikamkataza kumwambia mtu, hata mkewe Ma Yunia. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa heshima tu.

Msiba uliofuata ulikuwa mbaya. Mke wa Felisiani, kijana fundi wa matofali, aliugua siku tatu akafariki, akaacha mtoto wa kunyonya. Kifo cha namna hiyo kinawafanya watu waulizane kwa macho. Nilijua. Ningeweza kumpigia Ta Anatoli nikamwambia aache, tusubiri msiba mwingine wa mzee aliyeshiba miaka. Sikupiga, kwa sababu nilitaka kumaliza.

Nilisimama makaburini na sare yangu ili mwizi, kama ananichunguza, ajue niko pale. Upande wa wanawake nikamwona Ma Yunia anainamiwa na jirani yake. Aliulizwa mumewe yuko wapi. Baadaye aliniambia alijibu kwamba anaumwa, kwa sababu hakujua, na mke hawezi kusema hajui. Dakika chache mbele, mtu aliyechelewa akafika kwenye mabenchi ya wanaume akasema amemwona Ta Anatoli, mzima kabisa, amechuchumaa kwenye migomba. Nikaona maneno yale yanapita kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Niliyaona kwa macho yangu, na bado nikajiambia yatapita.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikasogea pembeni.

“Afande, kuna pikipiki kwa jirani yangu, fundi seremala,” Ta Anatoli akanong'ona. “Mlango umevunjwa. Anatoa godoro.”

“Soma namba. Usitoke hapo.”

“Namba ina matope. Nasogea kidogo.”

“Usisogee! Ta Anatoli!”

Simu ikakatika. Kisha tukasikia filimbi, ndefu, kutoka upande wa mteremko, wakati jeneza limeteremshwa na udongo wa kwanza haujatupwa.

Vijana walikimbia kabla sijageuka. Waliokuwa mbele ni wachimba kaburi, na wachimba kaburi wana majembe na makoleo mkononi. Niliwafuata. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, viatu vizito, na mteremko ule ni wa kupanda. Nakumbuka niliita “Simameni!” na sauti haikutoka. Katika kazi yote sijawahi kuogopa vile. Nilijua wanachokwenda kukikuta: mlango uliovunjwa, mwizi amekimbia, na mtu mmoja amesimama uani kwa mwenziwe, mtu aliyekacha mazishi ya mke wa Felisiani na kujificha kwenye migomba.

Nilipofika walikuwa wameshamwangusha kwenye turubai la kahawa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Kahawa ilitapakaa kila mahali, na kijana mmoja alikuwa ameinua koleo.

“Mwacheni! Nimemweka mimi!”

“Umemweka kwenye nyumba ya mtu?”

“Analinda! Ni mlinzi wangu!”

“Mbona hukusema?” akauliza yule mwenye koleo. Hakuwa mlevi wala mhuni, alikuwa anahema na machozi yanamtoka. “Tangu lini mlinzi anajificha? Mbona mkewe amesema anaumwa?”

Kila swali alilouliza lilikuwa zuri. Nilikuwa na sare, na siku hiyo niliona sare inavyoweza kuwa kitambaa tu. Mtu nyuma akasema polisi anamkingia kifua mchawi. Duara likaanza kusogea. Nilijitupa juu ya Ta Anatoli, nikakuta Ma Yunia ameshafika kabla yangu, amemlalia mumewe kifuani. Nilisikia moyo wa mmoja wetu unavyopiga, sijui wa nani.

Ndipo akaja Felisiani. Alikuwa na udongo kwenye viganja, maana alikuwa amechota wa kumtupia mkewe. Hapo nikaelewa kwamba mbele ya watu wale neno moja tu lina nguvu, na si langu. Nikapiga magoti, mimi na vyeo vyangu, nikamwambia kila kitu kwa sauti ya kusikika na wote: nyumba sita, daftari, siri, filimbi, na kwamba Ta Anatoli alikataa na nikamshinda kwa maneno.

Felisiani akamwinamia. “Ta Anatoli, ulitaka kumzika mke wangu?”

“Nilitaka, mwanangu,” akasema mzee. “Nguo zangu za kanisa ziko kitandani. Nilizitoa asubuhi.”

Mtu mmoja akaingia ndani kwa Ta Anatoli. Akatoka ameshika koti na shati jeupe lililopigwa pasi. Yule kijana akaweka koleo chini taratibu.

“Kaburi liko wazi,” Felisiani akasema. “Mbebeni akatupe udongo.”

Wakambeba walewale waliompiga. Felisiani akachota udongo, akautia kwenye kiganja cha kushoto cha Ta Anatoli, maana mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na mzee akautupa. Baada ya hapo ndipo tulipompakia kwenye gari la mfanyabiashara mmoja aliyekuja kuzika, tukampeleka hospitali.

Mtauliza waliompiga walifanywa nini. Wawili walifikishwa mahakamani. Mimi niliyesababisha nilipewa onyo la mdomo, dakika tano, na kikombe cha chai. Mkono wa Ta Anatoli uliunga vibaya, na hakuweza tena kupogoa mibuni yake. Nilikwenda kumwomba msamaha mara tatu. Yeye alisema yameisha. Ma Yunia alikuwa akiinuka na kwenda jikoni kila nilipoingia.

Na mwizi? Ta Anatoli ndiye aliyemkamata, akiwa kitandani hospitalini. Aliniambia, “Afande, godoro lilikuwa linatoka.” Sikuelewa. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kumenya ndizi. Siku ya msiba magodoro yanapelekwa kwa wafiwa, kwa ajili ya wageni watakaolala. Yanarudi baada ya kuanua matanga. Pikipiki yenye godoro haiulizwi na mtu yeyote siku hiyo, kila mmoja anaona ni msaada. Lakini godoro linalokwenda mbali na msiba kabla ya kuzika, hilo linakwenda wapi?

Niliketi njia panda ya kwenda Nkwenda katika misiba miwili bila kupata kitu. Wa tatu, pikipiki ikaja na godoro lililokunjwa, na ndani ya mkunjo kulikuwa na sola. Dereva alikuwa yuleyule tuliyekuwa tunamkodi kubebea viti na masufuria ya misiba. Alijua kila mazishi na kila saa, kwa sababu sisi wenyewe tulimpigia simu.

Kumfunga kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuhakikisha mwingine hachukui nafasi yake, maana nyumba zingeendelea kubaki tupu. Tuliitisha mkutano wa kitongoji. Nilizungumza kwa tahadhari sana, nikapendekeza hili na lile, watu wakanitazama tu. Kisha Ma Yunia akasimama. Hakunitazama.

“Wachimba kaburi mnawataja kwa majina,” akasema. “Wachota maji mnawataja. Mtajeni na wa kulinda. Mume wangu alipigwa kwa sababu hakutajwa.”

Ikawa hivyo. Asubuhi ya mazishi mwenyekiti anasoma majina ya walinzi mbele ya wote, pamoja na wachimba kaburi. Wakishaaga mwili, kila mlinzi anachota udongo kiganja kimoja na kuuweka juu ya jani la mgomba kando ya kaburi, na wengine watautupa kwa niaba yake. Kulinda kukawa sehemu ya kuzika. Nyumba hazikuvunjwa tena siku ya msiba kwa muda wote niliokuwa pale. Nilichora ramani na kuhesabu saa, lakini kilichokosekana kwenye ramani yangu alikiweka mwanamke ambaye hakutaka hata kunisalimia. Mkifika kwenye kata zenu, mtafuteni mtu huyo kabla hamjamvunja mtu mkono.

Nilistaafu, nikarudi Ihanda kwenye migomba yangu. Msimu wa kahawa uliopita nikapigiwa simu kwamba Ta Anatoli amefariki, kwa maradhi ya kawaida ya uzee, usingizini. Nikapanda bodaboda alfajiri. Nilitaka kusimama kwenye kaburi lake mpaka mwisho, nisimame mbele, watu wanione. Nilikuwa nimenunua hata viatu.

Tulipokwisha kumuaga, mwenyekiti akasoma majina. Wachimba kaburi. Wachota maji. Walinzi, watu watatu. Akiwa anakunja karatasi, Ma Yunia, aliyekuwa amekaa chini kati ya wanawake, akainua uso.

“Na afande,” akasema.

Nilitaka kumwambia nimestaafu. Nilitaka kumwambia nimetoka mbali, nimekuja kumzika. Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na macho yake hayakuwa na hasira. Nikachota udongo, nikauweka juu ya jani, nikapanda mteremko peke yangu.

Nilikaa uani kwa fundi seremala. Saa nane nyimbo zikaanza kusikika kutoka bondeni, sauti bila maneno. Wanawake wawili wageni, waliochelewa, wakapita njiani na vikapu kichwani. Wakaniona, mtu mzima na kitenge chake, nimekaa nyumbani huku watu wanazika. Wakaongeza mwendo, hawakunisalimia. Nikafungua mdomo niwaambie kwamba nimetajwa, kwamba jina langu limesomwa, lakini walikuwa wameshapita, na nikabaki pale namlilia Ta Anatoli mpaka nyimbo zikaisha.